Mbuzi Katika Jokofu la Maabara

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana katika ile hoteli kongwe iliyo juu ya maporomoko ya Chania, ambako bustani inashuka hadi ukingoni na maji husikika hata madirisha yakifungwa. Waandalizi walikuwa wafanyakazi wa zamani wa hospitali yetu ya Thika, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa imebadilisha wenyewe na waliomo leo hawahusiki na ninayoyaandika. Shughuli ilikuwa ya kumuenzi daktari aliyekuwa mkuu wa maabara ya uchunguzi wa vivimbe, ambaye humu nitamwita Mkuu, kama tulivyomwita sote wakati huo. Ukutani palitundikwa picha moja iliyokuzwa hadi ikawa na ukubwa wa mlango. Kamati, ikinijua kuwa mtu asiyesahau majina, iliniomba niandike maelezo ya kubandikwa chini yake: nani ni nani, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikubali kabla ya kuiona picha yenyewe. Ningeiona kwanza, ningeomba kalamu palepale.

Picha ilipigwa Jumamosi moja ya mwezi Machi ndani ya maabara. Mkuu amefungua mlango wa jokofu na kuushika mguu wa mbuzi aliyechinjwa, kana kwamba anampa mkono wa heri. Kando yake yuko Mutuku, fundi wa maabara, kinywa wazi kwa kicheko, koti lake jeupe likiwa na madoa mekundu ambayo siku hiyo hayakuwa ya mgonjwa. Kulia amesimama mwanamke mwenye sufuria kubwa mikononi na leso shingoni, na chini ya leso hiyo inaonekana ncha ya bandeji. Wazee wenzangu waliizunguka picha huku wakilamba vidole. "Muone Mutuku, shingo kama ya korongo!" alisema mmoja. "Na hizo suruali, Ngai! Mtu angeshona pazia mbili!" akajibu mwingine. Hakuna aliyeangalia nyuma ya watu hao, kwenye dirisha, ambako jua lilikuwa kali kiasi cha kuifanya picha iwe nyeupe. Pale dirishani, ndani ya mwanga huo, kuna kijitrei chenye vichupa vidogo. Mimi sikuangalia kitu kingine. Mhudumu aliniletea sahani ya mbavu za mbuzi nikamwambia aipeleke alikoitoa.

Mwaka huo ulikuwa wa katikati ya miaka ya tisini. Habari za ukoo wangu na za shule naziacha, hazina kazi hapa. Nilikuwa afisa tawala kijana, mwenye tai moja na viatu vilivyong'arishwa kila asubuhi, nimepanga chumba Gitothua kule Ruiru na kufanya kazi Thika. Ofisi yangu ilitenganishwa na maabara kwa ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila kilichosemwa huko nilikisikia na kila kilichonuka kilinifikia. Chumba cha maabara bado ninaweza kukitembea kwa kumbukumbu: meza ya zege ambapo viungo vilivyotolewa kwa wagonjwa vilikatwa vipande, sinki lililoota kutu ya rangi ya chungwa, chungu cha nta iliyoyeyuka, hadubini mbili zilizofunikwa kwa vitambaa vya meza, na jokofu moja tu lililofanya kazi. Kwenye mlango wa jokofu hilo palibandikwa tangazo kwa wino mwekundu kwamba chakula hakiruhusiwi ndani. Tangazo lilikuwa na alama za vidole vya mafuta, na yeyote aliyetaka kujua idara ile ilivyoendeshwa hakuhitaji kusoma zaidi ya alama hizo.

Kila mwisho wa mwezi idara ilinunua mbuzi. Alichinjwa Ijumaa mchana nyuma ya jengo la kufulia, akapikwa Jumamosi, na kilichobaki kikawangoja wa zamu ya Jumapili. Sina ugomvi na watu kula pamoja. Ugomvi wangu ni kwamba mbuzi huyo alilazwa katika jokofu la dawa za uchunguzi, na kwa kuwa hakutoshea, rafu zilitolewa zikawekwa popote penye nafasi. Harufu ya siku hizo sijapata kuisahau: mafuta ya mbuzi yakichanganyika na fomalini, ile dawa kali inayohifadhi nyama ya binadamu isioze. Damu ilichuruzika kwenye kuta za ndani, ikakauka kwenye mpira wa mlango, na hapo ilikaa mpaka mwezi uliofuata ilipopata mwenzake. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba mimi ni mtu wa faili na tumbo langu ni dogo.

Januari ya mwaka huo daktari mmoja mgeni alikuwa ameipa maabara zawadi: vichupa vya dawa ya kingamwili inayotafuta keratini. Mkuu alipita kila ofisi akitangaza jambo hilo, na kwa haki yake niseme kwamba aliieleza dawa hiyo vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia baadaye. Keratini, alituambia, ndiyo protini inayojenga ngozi, kucha na nywele, na hupatikana pia katika tando zinazofunika mwili kwa ndani. Chembe iliyozaliwa katika ngozi au utando ikigeuka saratani, huweza kuharibika sura hadi asiitambue mtu, lakini keratini haiitupi. Kipande cha uvimbe hukatwa chembamba kuliko karatasi, hubandikwa kwenye kioo, kisha hudondoshewa dawa. Penye keratini dawa hung'ang'ania, na baada ya kuoshwa na kuongezewa nyingine, mahali hapo hugeuka kahawia kama chai ya majani mengi. Pasipo nayo, kioo hubaki na buluu tupu. Mgeni aliacha na sharti moja: kwenye kila kioo, kando ya kipande cha mgonjwa, pabandikwe kipande cha ngozi ya kawaida. Ngozi haikosi keratini. Ngozi isipogeuka kahawia, basi dawa imekufa, na jibu la mgonjwa litupwe. Kipande hicho walikiita kontroli.

Mwanamke mwenye sufuria pichani ni Bi Rehema. Alizaliwa Thika katika familia ya Waislamu wafanyabiashara, akaolewa, akafiwa, akahamia Gitothua, na nyuma ya soko alikuwa na kibanda cha chakula ambacho mimi, kapera asiyejua hata kuchemsha mayai, nilikitegemea asubuhi na jioni. Aliuza chapati na maharagwe, githeri kwa wenye haraka, na pilau siku za Ijumaa. Aliniita Bwana Ofisi. Mimi ndiye niliyempeleka kwa watu wa maabara walipohitaji mpishi wa mbuzi wao, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi alikuja Thika na sufuria yake na mwiko wake, kwa sababu hakuamini mwiko wa mtu mwingine. Februari alianza kushika shingo alipokuwa akizungumza. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu usiouma. "Nimemwambia yule daktari wa wodi kwamba pua yangu inatoka damu upande huuhuu," aliniambia akigeuza chapati, "na sikio limeziba kama nimeingiliwa na maji. Akaniambia ni vumbi la Ruiru. Mimi nimelala na vumbi la Ruiru miaka mingapi, Bwana Ofisi? Leo ndiyo linanitoa damu?" Machi alikatwa kipande cha uvimbe huo, akafungwa bandeji, na kipande kikapelekwa kwa Mkuu.

Kipande kilifika maabara siku chache kabla ya mbuzi. Ijumaa hiyo nilikuwa mezani kwangu niliposikia kupitia ubao sauti ya Mutuku: "Mkuu, hizi chupa za mgeni niweke wapi? Huyu bwana mbuzi ana miguu mirefu, hataki kukunja."

"Weka hapo dirishani."

"Juani?"

"Mutuku, zimepanda ndege kutoka ng'ambo zikafika hai. Zitakuja kufa Thika?"

Wakacheka. Jumamosi niliingia kutafuta ufunguo wa kabati langu nikawakuta wamejipanga mbele ya mpiga picha wa mjini, na ndiyo sababu mimi simo pichani. Bi Rehema alikuwa ameinamia nyama akiinusa. "Mkuu, nyama yenu inanuka dawa ya maiti," alisema. "Nitaitia tangawizi mara mbili."

"Tia, mama. Dawa ya maiti huwatunza walio hai."

"Na ile yangu mliyonikata shingoni? Mmeichanganya na hii?"

"Yako iko kwenye nta, mama," akajibu Mutuku. "Hiyo hailiki."

Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na mpiga picha akabonyeza. Vichupa vilikaa dirishani hadi Jumatatu asubuhi, juani mchana kutwa, katika mwezi wenye joto kuliko yote Thika, kisha vikarudishwa ndani ya jokofu ambalo halikuoshwa. Sikujua wakati huo kwamba jua huiua dawa ile. Aliyejua alikuwa ameshika kwato.

Wiki iliyofuata walikitia rangi kipande cha Bi Rehema. Nilikisikia kikao chote. Mutuku aliuliza kama aweke na ngozi, kama mgeni alivyoagiza. "Ngozi ya nini?" Mkuu alisema. "Ya kontroli, Daktari." Hapo Mkuu alivuta kiti, na nilijua kwa sauti ya miguu ya kiti kwamba ameudhika. "Mimi naangalia ngozi tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Niwekewe ngozi ije inifundishe nini? Hayo ni ya wanafunzi. Weka ya mgonjwa peke yake, dawa yenyewe ni kidogo." Kioo kilitoka buluu, ukingo hadi ukingo. Chembe za duara ndani ya tezi ya shingo, zisizo na keratini: Mkuu aliandika limfoma, yaani saratani ya tezi zenyewe, ambayo hutibiwa kwa dawa za kupitishia mshipani. Kama kioo kingetoka kahawia, angeandika saratani iliyotambaa kutoka nyuma ya pua, ambayo hutibiwa kwa mionzi. Kwa hadubini pekee maradhi hayo mawili huweza kufanana hata jicho zuri likababaika. Kilichotofautisha njia moja na nyingine kilikuwa kile kichupa. Alitia sahihi huku akichokonoa meno, akaja mlangoni kwangu na kijiti bado mdomoni kuniambia kwamba teknolojia ni kitu kikubwa sana.

Kuanzia Aprili Bi Rehema alisafiri Nairobi kutiwa dawa. Mara ya kwanza uvimbe ulipungua, akanionyesha kwa fahari jinsi leso ilivyozunguka shingo vizuri. Kisha nywele zikaondoka, na harufu ya nyama ikawa adui yake. Alipika akiwa amejifunga kitambaa puani, na wateja waliokuwa wakimtania walianza kula wakiwa wameinamisha vichwa. Juni uvimbe ulirudi, mgumu zaidi, ukaleta mwenzake. Pua iliendelea kutoka damu. Hakuna aliyeiandika popote kwa sababu mwenye limfoma ya shingo haulizwi habari za pua. Jioni moja ya Julai niliketi kwenye benchi lake nikaona jicho lake la kushoto limegeuka kuelekea puani na halirudi. "Usinitazame hivyo," alisema. "Naona chapati mbili pale ulipoweka moja. Zingekuwa mbili kweli ningekuwa tajiri, ningenunua hata hilo soko." Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke.

Agosti alikuja Daktari Njoki, mtaalamu wa fani ileile ya Mkuu, mwanamke kijana aliyerejea kutoka masomoni, mwenye tabia ya kusoma matangazo yaliyobandikwa mlangoni na kuyatii. Wiki yake ya kwanza alitupa sambusa tatu zilizokuwa zimelala kando ya damu ya wagonjwa, na kwa hilo peke yake alinunua chuki ya idara nzima na heshima yangu yote. Nilimweleza habari za Bi Rehema, jirani yangu, tukinywa chai ofisini kwangu. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye jicho, akaweka kikombe chini.

"Damu puani, sikio kuziba, sasa jicho," alisema. "Bwana Gitau, hayo ni maneno ya nyuma ya pua. Nani alisema ni limfoma?"

"Keratini," nikajibu, kwa maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa.

Aliagiza kile kipande cha kwenye nta kikatwe upya, kitiwe rangi, na kando yake kibandikwe ngozi. Alasiri aliniita nisimame karibu, kama shahidi nadhani. Kioo kilikuwa buluu. Kipande cha Bi Rehema buluu, na kipande cha ngozi buluu vilevile.

"Mutuku, ngozi hii ni ya nani?"

"Ya yule mzee aliyekatwa mguu mwaka jana, Daktari."

"Mzee huyo alikuwa na ngozi?"

"Alikuwa nayo, Daktari." Mutuku alinitazama kutafuta wa kucheka naye.

"Basi keratini yake imeenda wapi? Dawa hii imewahi kutoka nje ya friji?"

"Kutoka?" Mutuku alishangaa kwa dhati. "Si hutoka kila mwisho wa mwezi. Mbuzi akiingia, zenyewe zinatoka. Halafu Jumatatu zinarudi. Mbuzi naye ataenda wapi, Daktari? Tumlaze wodini?"

Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni ofisi ya posta. Daktari Njoki alikaa chini polepole. Kisha aliinuka, akafungua jokofu, akatazama ile damu iliyokauka kwenye mpira wa mlango, akafunga, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe Nairobi kwa mwenzake aliyekuwa na dawa iliyotunzwa. Aliporudi alinikalisha mbele ya hadubini, mimi nisiyewahi kuitumia. Ngozi ya yule mzee ilikuwa kahawia kama inavyopaswa. Kando yake, ndani ya tezi ya Bi Rehema, palikuwa na mafungu kwa mafungu ya chembe, na zote zilikuwa kahawia, kahawia ya chai iliyokolea, tangu Machi zikingoja mtu wa kuziona.

Tulikwenda kwa Mkuu pamoja. Alikuwa akila mahindi ya kuchemsha, akaendelea kuyala. Daktari Njoki alieleza kwa adabu, hatua kwa hatua: dawa iliyoungua juani, ngozi iliyokosekana, mionzi ambayo mgonjwa hajaipata, uvimbe unaopanda chini ya fuvu. Mkuu alimsikiliza akitoa punje kwenye meno kwa kucha.

"Ripoti ya idara hii haibatilishwi na mbuzi," alisema hatimaye. "Watu wakisikia haya, nani atatuletea mgonjwa tena? Mama yule yuko kwenye matibabu. Mwacheni amalize dawa zake, halafu tutaona."

"Tutaona nini, Daktari? Jicho la pili?"

"Wewe umefika juzi. Na wewe, kijana," alinigeukia, "rudi kwa faili zako. Gari la hospitali halitoki kwa ajili ya jambo hili."

Nilimjibu, na maneno yangu ninayakumbuka kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga ngazini: kwamba gari la hospitali liko chini ya ofisi ya utawala, si chini ya maabara, kwamba kesho asubuhi litakwenda Gitothua kumchukua mgonjwa na kumfikisha kwenye mionzi Nairobi, na kwamba akitaka kulizuia aje alale mbele ya magurudumu. Punje ya mahindi ilimwanguka kwenye tai akaiokota akaila. Katika utumishi wangu nimewaona wazembe na waongo. Sijaona kilichonitia kinyaa kama ile punje. Daktari Njoki alitia sahihi ripoti mpya siku hiyohiyo, na miezi iliyobaki ya mwaka aliimaliza akirudia vioo vya wagonjwa wengine waliosomwa kwa dawa ileile. Mimi Desemba nilihamishiwa stoo. Nayasema haya kuyaweka sawa, si kudai shukrani.

Jioni hiyo tulikwenda Gitothua kumweleza mwenyewe. Daktari Njoki alikataa kumwita ofisini. Alisema habari ya namna ile haipelekwi kwa mtu, ila mtu anafuatwa nayo nyumbani. Aliketi kwenye kigoda, akamwita Mama, akamweleza yote bila kuficha kitu. Bi Rehema alikuwa akikoroga maharagwe na hakuacha.

"Mbuzi gani huyo?" aliuliza, akinielekea mimi.

"Yule wa Machi, mama."

"Yule niliyempika mimi."

"Ndiye."

"Alikuwa na mafuta mengi yule," alisema. "Nikamtia tangawizi mara mbili." Kisha akaweka mwiko chini, akasogea hadi mlangoni, akatema mate nje, mbali, kama mtu aliyegundua ameng'ata kitu kibovu. Mate hayo ninayakumbuka kwa sababu hakuwa nayo tena baadaye. Akageuka akamuuliza Daktari Njoki, "Gari linakuja saa ngapi?"

Mionzi ilimponya. Lazima niandike hivyo kwa kuwa ndiyo kweli, na pia lazima niseme ipi ni hasara ya nani. Mionzi ya wakati ule, ikipita nyuma ya pua, ilikausha mate na kuua ladha. Hilo lingempata hata kama angepelekwa Machi, na simdai Mkuu. Jicho ninamdai. Lilipinda katika miezi ile ya dawa zisizo zake na halikunyooka tena; miaka yote iliyofuata alilifunika kwa ncha ya mtandio alipotaka kumimina chai ndani ya kikombe na si kando yake. Ladha ilipoondoka alikataa kufunga kibanda. Kila jioni aliita juu ya ua, "Bwana Ofisi, njoo unionjee!" nami nikaenda, nikapewa kijiko, nikaonja, nikasema "bado kidogo" au "imetosha", naye akaniamini. Wateja hawakujua kwamba chumvi waliyoisifia ilipimwa kwa ulimi wa karani. Niliendelea hivyo baada ya kuoa, baada ya kujenga Murera, nikirudi Gitothua kila nilipoweza, hadi alipofariki juzijuzi kwa maradhi ya moyo, mwanamke mzee mwenye wajukuu.

Nirudi hotelini. Baada ya chakula Mkuu alisaidiwa kusimama karibu na picha. Ni mzee sana sasa, na sauti bado anayo. Aliinyoosha fimbo yake hadi kwenye leso ya Bi Rehema. "Mnamwona mama huyu? Mpishi wetu. Alikuwa na saratani iliyojificha, na keratini ndiyo iliyomfichua. Sisi ndio tulioileta keratini Thika. Sisi ndio tuliomwokoa." Makofi yakapigwa. Kwenye meza ya pili Daktari Njoki, nywele zake zikiwa nyeupe, aliweka uma chini na kunitazama.

Nilisimama, nikatembea hadi kwenye picha, nikaweka kidole dirishani. "Daktari," nilisema, "hivi hapa ni nini?"

Alivaa miwani. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hizo?" alisema. "Si chupa za dawa ya kikohozi?"

Basi nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote: vichupa vile vilikuwa nini, nani aliagiza viwekwe pale, vilikaa hadi lini, na katika siku zile kipande cha shingo ya nani kilikuwa mita mbili kutoka hapo kikivingoja. Mutuku, ambaye amenenepa sana, alitazama sahani yake. Mkuu alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Lakini Gitau," alisema, na aliniuliza kwa kutaka kujua kweli, kama mtu anayetaka kukumbushwa mwisho wa hadithi, "alipona. Si alipona?"

Mhudumu alikuwa amenifuata na ile sahani ya mbavu, akidhani nimebadili nia. Niliiweka mezani, nikaomba kalamu, na nikaiandikia kamati maelezo niliyoombwa. Siku ya pili walinipigia simu kuuliza kama ninaweza kuyafupisha. Nimewajibu kwamba maelezo ya picha hutaja vilivyomo pichani, na kwamba hayapungui hata neno moja:

Kutoka kushoto: Mkuu wa maabara, ameshika mguu wa mbuzi. Mutuku, fundi. Bi Rehema, mpishi, na bandeji ya kipimo shingoni. Ndani ya jokofu: mbuzi. Nyuma yao, dirishani, juani: dawa yake.